Mbwa Niliyemficha Siku ya Chanjo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na kama kumbukumbu ingekuwa kitu cha kuokota na kutupa, hiyo ningekuwa nimeitupa zamani. Ilikuwa Jumamosi, huko kwetu Qurus, miaka ya tisini, kabla lami haijapanda kufika Karatu. Upepo wa kiangazi ulikuwa umeanza kuinua vumbi jekundu mashambani, ngwara, yale maharage yetu ya kiangazi, zilikuwa zimekwisha kuvunwa, na vijana kama mimi hatukuwa na kazi kubwa zaidi ya kusifiana. Nilikuwa na miaka ishirini na minne.

Nakueleza haya leo kwa sababu nimekusikia. Umeleta mbwa wako mzuri hapa nyumbani, na jana ukawaambia wenzako kwamba humpeleki kuchanjwa, eti atapoa. Sikukukatiza mbele yao, maana kijana akikaripiwa mbele ya rafiki zake husikia aibu tu, maneno yenyewe hayasikii. Sasa tuko wawili. Kaa.

Mbwa wangu aliitwa Kamanda. Baba alimpata mnadani kwa rafiki yake, Mmasai mmoja wa Malambo, akampa mahindi na kurudi na kijibwa kilichoenea ndani ya kofia. Alikua akawa mrefu, kifua kipana, sauti nzito ya kusikika hadi ng'ambo ya korongo. Nguruwe pori waliokuwa wakifukua viazi vyetu walihama shamba letu wakahamia kwa majirani, na majirani hawakunishukuru. Vijana wenzangu wakipita walisema, "Aisee, huyu mbwa ni bomba!" Nami nilijifanya sikusikia ili waseme tena.

Palikuwa na mbwa wa pili, jike mweupe, mzee, anayechechemea mguu mmoja. Baba alimwita Sijali, jina la kuwajibu majirani fulani waliokuwa wakimsema, kama wafanyavyo watu wa kwetu hata leo. Sijali alishinda jikoni miguuni pa mama, na hakuna aliyesimama njiani kumsifu.

Aliyewalisha wote wawili alikuwa mdogo wangu Marselina, mtoto wa mwisho wa mama yetu, miaka kumi na mitatu, darasa la sita. Mimi nilikuwa mwenye mbwa kwa maneno; yeye alikuwa mwenye mbwa kwa kazi. Alikwangua ukoko wa ugali, akaulowesha kwa maziwa, akawapelekea huku akiimba nyimbo za kwaya. Maji yao hakuyasahau hata zile wiki ambazo sisi wenyewe tulikunywa kwa kupimiana. Nilimpenda sana mdogo wangu yule. Nasema hivyo sasa, kwa sababu wakati ule sikumwambia hata mara moja.

Basi wiki mbili kabla ya Jumamosi ile, bwana mifugo wetu alizunguka nyumba kwa nyumba na pikipiki yake. Alikuwa Mchaga kutoka Kilimanjaro, mtu mpole, mwembamba, tukimwita Mzee Mushi ingawa hakuwa mzee hata kidogo. Alitangaza kwamba wataalamu watakuja shuleni kuchanja mbwa na paka wote wa kijiji dhidi ya kichaa cha mbwa, bila malipo. Baba aliitikia vizuri. Akaniambia, "Bura, hao mbwa utawapeleka wewe." Nami nikaitikia vizuri vilevile.

Lakini vijana tulikuwa na elimu yetu ya vijiweni. Tuliaminishana kwamba mbwa aliyechomwa sindano hupoa: hubweka kwa adabu, hunusa bila hamu, na mwizi akija humtikisia mkia. Nani aliyetufundisha hayo? Hakuna. Ni kweli mbwa akichanjwa anaweza kulegea siku moja, kama mtoto aliyechanjwa surua. Sisi tuliichukua ile siku moja tukaifanya kuwa maisha yake yote. Sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi ya Jumamosi nikamchukua Kamanda nikamfunga kule korongoni, kwenye kichaka, kisha nikamkokota Sijali hadi shuleni. Uwanja ulijaa mbwa na kamba na watoto na kelele. Walipomchoma Sijali hata hakugeuka. Wakamfunga utepe mwekundu wa plastiki shingoni, alama ya kwamba amechanjwa. Mzee Mushi akaniangalia.

"Na yule mkubwa yuko wapi?"

"Ametoroka alfajiri, bwana mifugo."

"Basi mlete ofisini Jumatatu. Nitamhifadhia dawa yake kwenye barafu."

Jumatatu sikwenda. Wala Jumanne. Wiki iliyofuata mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba mbwa atakayeonekana bila utepe atauawa, na hapo nikaona nimebanwa. Sasa sikiliza alichofanya mtu mwenye akili zake. Nilimvua Sijali utepe wake, nikamvika Kamanda. Nilijiambia kwamba mbwa mzee wa jikoni hakuna atakayemtazama. Marselina alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la chakula mkononi.

"Kaka, huo si ni wa Sijali?"

"Ni wa nyumba hii. Wewe nyamaza."

Akanyamaza. Mwanangu, angekuwa mtoto mkaidi, mbeya, mwenye mdomo, leo angekuwa na watoto wake.

Baada ya muda, mchana kweupe, mbweha akaingia shambani kwetu. Hakujificha. Alikuja akitembea kama mtu anayetafuta nyumba ya ndugu, watu tukiwa pale pale na majembe. Kamanda akamrukia, wakakamatana, na mbweha akafa. Kamanda alitoka na jeraha dogo mdomoni. Siku hiyo nilitembea kijiji kizima kusimulia. Mnyama wa porini asiyeogopa watu mchana ana ugonjwa, na jambo hilo Mzee Mushi alikuwa amelisema nyumba kwa nyumba, ila wakati akilisema mimi nilikuwa nikiangalia pikipiki yake.

Ulipita mwezi na siku kadhaa. Kamanda akaanza kukataa chakula. Alijificha nyuma ya zizi, akitazama mahali pasipo na kitu. Nikasema labda amekula mzoga. Alasiri moja Marselina alimpelekea bakuli lake kama kawaida, akamwita kwa jina, akanyoosha mkono. Kamanda akamng'ata hapa, kati ya kidole gumba na kiganja. Hakubweka, hakunguruma. Alimng'ata tu, akarudi nyuma ya zizi.

Mama alimkimbiza zahanati. Nesi akaosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, akalifunga, kisha akamtuma mtu kumwita bwana mifugo, maana ndivyo utaratibu ulivyokuwa: mtu akiumwa na mbwa, mbwa naye achunguzwe. Jioni hiyo Mzee Mushi alikuwa uwanjani kwetu. Kamanda nilikuwa nimemfunga kwa kamba nene. Mzee Mushi alisimama mbali naye, akauona ule utepe mwekundu.

"Huyu ulimleta, basi?"

"Nilimleta."

"Siku gani? Sikumbuki kumchanja."

"Siku ile ile ya shuleni, mchana. Alirudi, nikamleta. Alichanjwa na wale wageni."

Akaitikia kwa kichwa. Akanieleza kwamba dawa ya kuchanja mtu aliyeng'atwa ipo hospitali mjini, lakini ni chache mno, na inatunzwa kwa walioumwa na mbwa wasiochanjwa. Marselina alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono umefungwa kitambaa. Alinitazama. Alijua, mwanangu. Nilimwona akifungua mdomo, kisha akanitazama tena, akaufunga. Alikuwa akinilinda mimi, kaka yake, nisiaibike.

"Hata hivyo," Mzee Mushi akasema, "mfunge siku kumi. Usimkaribie. Akibadilika, au akifa, uniite siku hiyo hiyo. Umenisikia, kijana? Hata kama amechanjwa."

Nikasema nimesikia. Siku ya tatu Kamanda alikuwa akitokwa na mate, sauti imekauka, anatafuna kamba na mawe. Siku ya nne asubuhi nilimkuta amekufa.

Hapo Mungu alinipa nafasi nyingine, wazi kabisa. Ofisi ya bwana mifugo haikuwa mbali. Ningetembea tu. Lakini nikapiga hesabu za mjinga: nikisema amekufa kwa kichaa, wataniuliza utepe umetoka wapi, baba atajua, mwenyekiti atajua, wale walioniambia mbwa wangu ni bomba watacheka. Nikamburura kwa ndoano hadi korongoni, nikamfukia na utepe wake, nikarudi nyumbani kusema kwamba chui amekata kamba akamchukua. Chui wapo kwetu, kila mtu aliamini. Mama hata alinipa pole.

Siku ya kumi Mzee Mushi alirudi bila kuitwa. Nikamwambia habari za chui. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa anakula vizuri kabla chui hajamchukua?"

"Alikuwa anakula vizuri."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mzee."

Marselina alikuwa shuleni. Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga vizuri, na nilipokuwa nikikiona kinapona nilijiambia, unaona, hakuna jambo. Mficha maradhi, wanasema, kifo kitamuumbua. Mimi niliyaficha, lakini kifo hakikuja kwangu.

Ilikuwa wiki ya sita au ya saba. Marselina alianza kusema mkono unamwasha pale palipopona. Akakuna hadi ngozi ikatoka. Kesho yake homa. Kesho kutwa mama akampelekea chai, akashika kikombe, koo likajikaza, akakitupa. Alikuwa na kiu, analia kwamba ana kiu, na kila alipoona maji mwili ulimruka. Upepo ukiingia mlangoni alishtuka kama aliyepigwa. Huyo ndiye mtoto aliyekuwa akiwapelekea mbwa maji. Sitasema zaidi. Nimeona mengi maishani, nimezika wazazi wote wawili, lakini hakuna nilichokiona kinachofanana na kile.

Jirani alitupeleka hospitali kwa pikapu yake. Daktari alikuwa mama mmoja mtu mzima. Alipomtazama tu Marselina, niliona uso wake ukibadilika. Nikamwomba tutoke nje.

"Daktari, yule mbwa hakuchanjwa. Na hakuchukuliwa na chui."

"Umejua lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nilitaka anipige. Akasema, "Siku ya kwanza ningekuwa na kazi ya kufanya. Leo sina." Akarudi ndani. Mama alikuwa amekaa ubavuni mwa kitanda, anatutazama kupitia mlango uliokuwa wazi.

Marselina alifariki siku ya tatu. Tulimzika nyumbani, nyuma ya zizi kuukuu, kwaya ya darasa lake ikaimba. Mzee Mushi alikuja mazishini, na watu walipotawanyika akaja kusimama karibu nami. Daktari alikuwa amemweleza. Nilingoja anitukane, au aniambie twende polisi. Hakufanya hivyo, na ipo miaka ambayo nilitamani angefanya.

"Kijana," alisema, "mimi sikukuuliza ili nikufunge. Nilikuuliza ili nijue dada yako apewe nini."

Kisha akapanda pikipiki yake akaenda. Hayo ndiyo maneno yaliyonilea, mwanangu, kuliko fimbo zote za baba.

Ungedhani hapo ningesema kweli kwa watu. Sikusema. Mama hakuniuliza, baba hakuniuliza, nami nikajifariji kwamba aliyekufa harudi, kusema kutasaidia nini. Lakini uongo ukishatoka nyumbani hauombi ruhusa unakokwenda. Kijiji kizima kilijua Kamanda alikuwa na utepe, na kijiji kizima kilijua Marselina amekufa kwa kichaa cha mbwa. Watu wakajumlisha. Mwaka uliofuata wataalamu waliporudi shuleni, uwanja ulikuwa mtupu. Mzee Mushi alikaa na sanduku lake la barafu, na watu walikuja wengi, lakini bila mbwa. Walikuja kumsema.

Aliyesimama kwanza ni Mzee Gwandu, mwenye heshima zake, ambaye miezi michache nyuma ng'ombe wake wawili walikufa kwa kichaa hicho hicho. Alisema taratibu, "Bwana mifugo, sisi si watu wabishi. Mbwa wa Bura alikuwa na utepe wako. Na binti wa watu tumemzika. Hiyo dawa yenu ni maji."

Watu wakaitikia. Mzee Mushi alijua ukweli wote. Angeweza kunyoosha kidole mahali nilipokuwa nimesimama, nyuma, karibu na choo cha walimu. Hakunyoosha. Aliinamisha kichwa tu, akapokea maneno ambayo hayakuwa yake. Nikawatazama watoto waliokuwa pale, wenye umri wa Marselina, kila mmoja ana mbwa nyumbani anayemlisha kwa mkono wake. Nikajikuta nimekwenda mbele.

Nilisema yote. Korongo, utepe, mbweha, kamba, chui. Nilisema kwamba Marselina alijua na alininyamazia. Sauti yangu haikuwa ya kishujaa, ilikuwa ya mtu anayetapika. Nilipomaliza hakuna aliyenisogelea, wala hakuna aliyesema pole. Mzee Gwandu alinitazama muda mrefu, akatema mate pembeni, kisha akamwambia mjukuu wake aende nyumbani akalete mbwa. Wengine nao wakaondoka mmoja mmoja kufuata mbwa wao. Mchana kutwa niliwashika mbwa wa watu wakichanjwa, na wenye mbwa walinipa kamba bila kunitazama usoni.

Mama alikuwepo. Alikuwa amesimama upande wa wanawake na kanga yake kichwani, na tulirudi nyumbani pamoja. Tulipofika akakaa, nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia, mama, nisamehe, nilikuficha.

"Hukunificha, Bura," akasema. "Nilijua tangu pale hospitali, nilipokuona na daktari."

"Mbona hukuniuliza, mama? Mwaka mzima?"

"Niliogopa kukuuliza. Nikasema, nikimuuliza na akanidanganya na mimi, nitakuwa nimezika watoto wawili."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alinisamehe, alinilelea watoto, alikula kwangu. Lakini tangu siku ile, kila aliponiuliza jambo dogo tu, kama mvua imefika shamba la juu, au kama ng'ombe wamekunywa, alikuwa akinitazama usoni kidogo kabla ya kuamini jibu langu. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Mimi nilijua, kila mara, hadi tulipomzika.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na nakusemea waziwazi nisije nikakuachia mafumbo. Ukifuga mbwa au paka, umechukua roho ya kiumbe, na pamoja nayo roho za wote wanaokishika. Kesho mpeleke wako akachanjwa, na mwakani umpeleke tena, na kila mwaka, maana chanjo ya mwaka mmoja si ya maisha. Akilegea siku moja, mwache alale kivulini na maji karibu. Muulize bwana mifugo dawa ya minyoo, wala usimtupie matumbo mabichi siku ya kuchinja. Ukimwona amebadilika, hali chakula, hanywi maji, anamshambulia amjuaye, mfunge kama unaweza bila kumgusa, watoto wasimkaribie, umwite mtaalamu. Mtu aking'atwa, hata mkwaruzo, hata na mbwa wa nyumbani mnayempenda, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, na siku hiyo hiyo aende hospitali. Asingoje kesho. Ugonjwa ule ukishaonyesha uso wake, hakuna daktari anayeurudisha.

Na zaidi ya hayo yote, mtaalamu akikuuliza, mwambie kweli, hata kama kweli hiyo inakuvua nguo mbele za watu. Aibu niliyoiona pale shuleni niliidhani itaniua. Ilipita. Kilichonipata kwa kuikwepa hakijapita.

Mungu wa baba zetu akutunzie nyumba yako na vyote vinavyopumua ndani yake. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri kosa lingali dogo. Watoto wako wakue wote, wao wakuzike wewe, wewe usiwazike wao. Na siku mama yako atakapokuuliza jambo, akuamini kabla hajakutazama usoni.